Mizizi ya Meno Iliyopinda: Tunahesabu Nini Tunaposema Ni Mingi au Ni Michache

Mwenyekiti wa mkutano, walimu wangu mlionitangulia katika kazi hii, madaktari, matabibu wa meno, wauguzi, wataalamu wa eksirei na wanafunzi: wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu nawasalimu. Nashukuru kupewa nafasi ya kuzungumza katika wiki hii ya Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, ambayo huadhimishwa kila tarehe 20 Machi, na nashukuru zaidi kuruhusiwa kuchagua jambo ambalo kwa kawaida halipati nafasi siku kama hii. Tumezoea kuzungumzia mswaki, sukari na fizi zinazotoa damu, na ni haki yake. Leo naomba tushuke chini ya fizi, kwenye sehemu ya jino ambayo mgonjwa haioni kamwe, na ambayo sisi wenyewe mara nyingi tunaiona tukiwa tumeshachelewa.

Naomba kichupa hiki kipitishwe kuanzia mstari wa mbele. Ndani yake mna gego la mwisho la chini, upande wa kushoto, lile ambalo katika kadi zetu tunaliandika 38. Mwenyewe alikuwa kijana wa miaka 27, naye ameniruhusu kulitumia kufundishia. Litazameni bila haraka. Taji lake, ile sehemu inayokaa juu ya fizi, ukiacha pale nilipolikata, halina kasoro. Mzizi wa mbele umeshuka wima na kukonda taratibu mpaka nchani, kama mzizi wowote. Mzizi wa nyuma ulianza vivyo hivyo, lakini ulipofika kama theluthi mbili ya urefu wake uligeuka kuelekea nyuma, ukawa kama ndoana iliyofunguka kidogo. Mtaona pia kwamba jino limo katika vipande viwili, kila mzizi na nusu yake ya taji. Halikuvunjika. Nililigawa kwa makusudi kabla ya kulitoa, kwa sababu mpindo huo nilikuwa nimeuona kwenye picha.

Si kila jino nililowahi kulitoa lilitoka kwa utaratibu huo. Katika mwaka wangu wa kwanza kazini, kwenye kituo ambacho mashine yake ya eksirei ilikuwa mbovu kwa miezi kadhaa, alikuja mama mmoja wa makamo akiwa na gego la kwanza la chini lililooza. Nilimchoma sindano ya ganzi, nikashika koleo, nikalitikisa jino kama nilivyofundishwa. Lililegea upesi, nikafurahi, na hapo hapo nikasikia mlio mdogo mkavu ambao kila mmoja wenu anaujua. Jino lilitoka likiwa na mzizi mmoja mzima na mwingine umekatika, na kilichobaki ndani ya mfupa kilikuwa kipande kisichozidi punje ya mchele. Ilinichukua zaidi ya saa moja kukitoa. Nilipomaliza nilimweleza kwamba mzizi wake ulikuwa umepinda, ndiyo maana ukakatika. Mama yule, huku ameshika pamba mdomoni, aliniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, kwani hukujua kama umepinda?"

Swali lile sijaliacha mpaka leo. Mgonjwa anapotuuliza hivyo, kwa kweli anauliza kama jambo hili ni nadra kiasi cha kutusamehe tusipolitarajia, au ni la kawaida kiasi cha kutuwajibisha tulitarajie kila mara. Hilo ni swali la hesabu, na nilipoanza kutafuta hesabu hiyo niligundua kwamba majibu yaliyopo yanapishana kwa namna ambayo mtu asiyekuwa makini anaweza kuyatumia kutetea chochote anachotaka.

Kwanza, historia kidogo. Aliyeipa hali hii jina lake la kitaalamu, dilasereisheni, anatajwa kuwa ni Tomes wa Uingereza, mwaka 1848, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kurarua. Zingatieni mwaka huo. Röntgen aligundua miale ya eksirei Novemba 1895, na picha ya kwanza ya meno ilipigwa na Otto Walkhoff wa Ujerumani mwanzoni mwa 1896, kwa kujianika mbele ya miale hiyo kwa dakika 25. Maana yake ni kwamba kwa karibu miaka hamsini waganga wa meno walikuwa na jina la mzizi uliopinda lakini hawakuwa na njia ya kuuona ndani ya mtu aliye hai. Waliujua kwa meno waliyokwisha kuyang'oa tu, yaani walijua kama nilivyojua mimi siku ile, baada ya tendo.

Sasa tuje kwenye hesabu zenyewe. Mwaka 2002 Hamasha na wenzake walichapisha utafiti wa watu wazima wa Jordan ambao walikuwa wagonjwa wa meno. Walikagua meno 4655 kwenye picha za eksirei, wakakuta 176 yenye mizizi iliyopinda, sawa na asilimia 3.78. Miaka kadhaa baadaye, huko Shiraz nchini Iran, watafiti wa chuo cha meno walipitia picha za wagonjwa wazima 250 zilizokuwa zimehifadhiwa kati ya 2005 na 2010, jumla ya meno 6146, wakapata meno 18 tu, yaani asilimia 0.3. Na kabla yao wote, mwaka 1983, Chohayeb alichunguza meno ya pembeni ya mbele ya taya la juu, yale tunayoyaandika 12 na 22, akaripoti kwamba asilimia 98 kati yake yalikuwa na mpindo. Kwa hiyo tuna sifuri nukta tatu, tuna karibu nne, na tuna tisini na nane. Mwanafunzi akinijia na namba tatu za namna hiyo nikamwambia achukue wastani wake, nitakuwa nimemkosea.

Tofauti kubwa kuliko zote inatokana na kipimo. Chohayeb aliuhesabu mzizi kuwa umepinda pale ncha yake ilipoacha mstari wa jino kwa nyuzi 20 au zaidi. Hamasha na wenzake walihesabu pale tu mpindo ulipofika nyuzi 90 au zaidi. Kwa asiyetumia kipimapembe, atazame saa ya ukutani: kutoka namba 12 mpaka namba 1 ni nyuzi 30, na kutoka namba 12 mpaka namba 3 ni nyuzi 90. Wa kwanza basi alikuwa anahesabu kila mzizi ulioinama kwa kiasi ambacho hakitoshi hata kutoka 12 kufika 1, na meno 12 na 22 kwa maumbile yake huinamisha ncha kidogo kuelekea nyuma. Ndiyo maana akapata karibu yote. Wa pili alikuwa anatafuta mizizi iliyovunja mstari wake kabisa na kulala.

Kichupa kimefika wapi? Naona kipo mstari wa nne. Mzizi ule wa nyuma mlioushangaa nimeupima, nao una nyuzi 65. Kwa kipimo cha nyuzi 90, jino hilo mnalopeana mkono kwa mkono halihesabiwi kabisa kati ya yaliyopinda. Lingekuwa moja kati ya yale ambayo jedwali linayaita ya kawaida, na bado lingevunjika mkononi mwangu kama ningelivuta mzimamzima.

Kwa sababu hiyo mimi napendelea kipimo cha tatu, ambacho hakiulizi kama mzizi umepinda au haukupinda, bali kinauliza umepinda kiasi gani. Schneider alikieleza mwaka 1971, naye alikuwa anafikiria tiba ya mfereji wa mzizi, yaani kusafisha na kuziba ule uwazi mwembamba unaopita ndani ya mzizi. Unachora mstari wa kwanza kufuata mfereji kuanzia mlangoni kwake mpaka pale unapoanza kuuacha unyoofu. Unachora wa pili kutoka nchani kurudi mpaka kwenye nukta hiyohiyo. Kisha unapima pembe kati ya mistari hiyo miwili. Nyuzi 5 au pungufu aliuita mzizi ulionyooka, 10 mpaka 20 mpindo wa wastani, 25 mpaka 70 mpindo mkali. Kinachohitajika ni penseli, kipimapembe cha mtoto wa shule na karatasi nyepesi ya kuweka juu ya filamu. Hakuna kituo katika mkoa huu kisichoweza kuvipata vitu hivyo vitatu.

Jambo la pili linalopindisha hesabu ni kuchanganya meno na watu. Rudini Jordan. Asilimia 3.78 ya meno inaonekana ndogo, jino moja kati ya 26. Lakini watafiti wale wale waliripoti kwamba mpindo huo ulikutwa kwa asilimia 17 ya watu, yaani karibu mtu mmoja kati ya sita. Shiraz nako asilimia 0.3 ya meno ikawa asilimia 7.2 ya wagonjwa. Mtu mmoja ana meno mengi kinywani. Hata kama jino la namna hii ni nadra, mtu mwenye angalau moja si nadra hata kidogo. Nasisitiza hili kwa sababu mlangoni kwetu jino haliji peke yake, anakuja mtu. Ukikaa kliniki siku moja ukawahudumia watu ishirini, kwa hesabu ya Jordan watatu kati yao wana mzizi wa aina hiyo mahali fulani kinywani, na kwa hesabu ya Shiraz ni mmoja.

Tatu, tunahesabu akina nani? Utafiti huu, karibu wote, umefanywa kwa picha zilizokuwa kabatini, za watu waliokuja kliniki kwa shida zao. Mgonjwa wa meno si mfano halisi wa kila mtu mtaani, na hata kati ya wagonjwa, aliyepigwa picha ni yule ambaye daktari aliona kuna sababu ya kumpiga. Katika vituo vingi vya kwetu, ambako filamu hutunzwa kama dhahabu, picha hupigwa pale jino linapokuwa limeshaleta ugumu, kwa hiyo kabati letu la picha litakuwa limejaa mizizi migumu kupita kiasi chake halisi. Hilo halifanyi hesabu kuwa bure. Linatulazimu tu tuitamke kwa ukamilifu: asilimia kadhaa ya wagonjwa waliopigwa picha, wala si asilimia kadhaa ya Wajordan au ya Watanzania.

Na tunahesabu kwa jicho gani? Mwaka 2006 watafiti wa Kroatia, Malčić na wenzake, walilitazama suala hili kwa wagonjwa wazima wakitumia aina mbili za picha: ile ndogo ya ndani ya mdomo inayoonyesha mzizi mpaka ncha, na ile pana inayoonyesha mataya yote mara moja. Naona walikuwa na busara kuzilinganisha, kwa sababu picha zote mbili zina upofu mmoja. Zinaonyesha vizuri mpindo unaoelekea mbele au nyuma ya safu ya meno, lakini mzizi ukipinda kuelekea shavuni au ulimini, unapinda kuelekea kwenye filamu au kuipa mgongo, na picha inauonyesha kama mzizi mfupi ulionyooka. Dalili yake ni ndogo: mwishoni mwa mzizi mnaonekana duara jeupe lenye nukta nyeusi katikati, mfano wa mboni ya jicho. Hiyo nukta ni tundu la ncha ya mzizi linalokutazama ana kwa ana. Ukiliona duara hilo usiseme mzizi ni mfupi, bali jua kwamba umekugeukia.

Kwa wenye uwezo wa kupiga picha za pande tatu kwa kompyuta, tatizo hili limekwisha. Wengi wetu hatuna uwezo huo, lakini tunayo mbinu ya zamani iliyopewa jina la Clark, ambayo gharama yake ni filamu moja zaidi. Piga picha ya kwanza kama kawaida. Sogeza kichwa cha mashine upande mmoja, kama nyuzi 20 hivi, kisha piga ya pili. Kitu kilicho upande wa ulimi kitaonekana kimesogea kule ulikopeleka mashine. Kilicho upande wa shavu kitaonekana kimekwenda kinyume chake. Kwa picha mbili bapa unapata habari ya upande wa tatu. Nawasihi wataalamu wa eksirei mlioko hapa: daktari akikuomba picha ya pili ya jino lilelile, usiione kuwa ni ubadhirifu.

Sasa ni meno gani yanayopinda zaidi? Jordan magego ya mwisho ya chini yaliongoza kwa mbali: asilimia 19.2 yalikuwa yamepinda, na hiyo ni kwa kipimo kile kikali cha nyuzi 90. Hilo halipaswi kumshangaza yeyote aliyewahi kulitafuta gego hilo ndani ya taya. Ni jino la mwisho kujengwa, nafasi imekwisha, mbele limezibwa na gego la pili, nyuma kuna mfupa unaopanda, chini unapita mfereji wenye mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini. Mzizi wake unakua ukitafuta njia, kama mzizi wa mti uliopandwa karibu na msingi wa nyumba. Ukiung'oa kwa nguvu bila kuujua mwelekeo wake, utavunja ncha yake karibu na mshipa huo, na mgonjwa ataondoka na mdomo uliokufa ganzi ambao huenda usizinduke kwa wiki kadhaa, au zaidi.

Hapa ndipo ninapotaka kuzungumzia sababu, kwa kirefu kidogo, maana kuna lawama isiyo ya haki tunayoisambaza bila kukusudia.

Vitabu vingi huanza na ajali. Maelezo yenyewe yana mantiki: kichipukizi cha jino la kudumu la mbele hukaa nyuma na juu ya mzizi wa jino la utoto. Mtoto akianguka kifudifudi na jino lake la utoto likasukumwa ndani ya fizi, linakigonga kichipukizi hicho. Sehemu iliyokwisha kuwa ngumu inasogezwa, na sehemu laini ambayo bado haijajengwa inaendelea kukua katika mstari wake wa zamani. Matokeo yake ni jino lenye kiwiko. Kama mtoto alikuwa na miaka kama miwili, kiwiko kitakuwa kwenye taji. Kama alikuwa na minne au mitano, taji limekaribia kukamilika na mzizi ndio unaanza, kiwiko kitakuwa chini yake. Yote haya ni kweli na nimeyaona.

Lakini kama ajali ndiyo ingekuwa sababu kuu, mizizi mingi iliyopinda ingepatikana kwenye meno ya mbele ya juu, maana hayo ndiyo watoto wanayoyaumiza. Hesabu zinatuambia kinyume: magego ndiyo yanayoongoza, na hakuna mtoto anayeanguka akagonga gego la mwisho, ambalo mzizi wake unajengwa akiwa kijana anayekaribia miaka ishirini. Hata kwa meno ya mbele yenyewe, Stewart alipochunguza mwaka 1978 meno 41 ya katikati ya juu ambayo yalipinda na kushindwa kutoka, aliweza kuyahusisha na ajali kwa asilimia 22 tu. Yaliyobaki yalikuwa ni kosa la ukuaji, yaani kichipukizi kilichoanza mahali pasipo pake, au ile ala ya seli inayoongoza ujenzi wa mzizi, iitwayo ala ya Hertwig, kwenda mrama yenyewe. Wakati mwingine huwa kuna uvimbe au jino la ziada lililoziba njia, na mara chache sana hali hii huambatana na magonjwa ya kurithi.

Nawaeleza haya kwa sababu ya akina mama. Mama anamleta mtoto wa miaka tisa, jino moja la mbele limetoka mwaka mzima uliopita, la pili halijaonekana. Tunapiga picha, tunakuta taji limegeuka juu kuelekea puani kama kidole kilichokunjwa. Swali lake la kwanza ni hili: "Daktari, ni kwa sababu alianguka kitandani nikiwa sipo?" Nimesikia baadhi yetu wakijibu ndiyo, kwa kuwa ni jibu jepesi. Jibu la haki ni kwamba inawezekana, lakini mara nyingi zaidi si hivyo, na asijibebeshe mzigo ambao ushahidi haumtwishi.

Kuna jeraha moja, hata hivyo, ambalo ni la mkono wa mtu na halina budi kusemwa wazi. Bado kuna familia hapa Tanzania na kwa jirani zetu zinazowapeleka watoto wachanga wakatobolewe fizi na kuchimbuliwa vichipukizi vya meno ya chonge, kwa imani kwamba ni meno ya nailoni yanayoleta homa na kuharisha. Anayechimba hana ganzi wala chombo safi. Anachokitoa ni jino la utoto ambalo halijakomaa, na chini yake kuna chonge la kudumu ambalo anaweza kuling'oa pamoja nalo, kuliharibu umbo au kulipotezea njia. Mtoto akinusurika na damu na maambukizi, tunakutana naye miaka kumi na miwili baadaye akiwa na chonge lisiloeleweka, na mama hakumbuki tena kwamba kulikuwa na siku ile. Tunapochukua historia ya mgonjwa tuulize, kwa adabu na bila kumhukumu mtu.

Kuhusu tiba nitakuwa mfupi, maana wapo hapa wanaoijua kuliko mimi. Kwenye mfereji wa mzizi hatari inatokana na tabia ya chuma: faili la chuma cha pua, kile chombo chembamba tunachosafishia mfereji, linataka kurudi kwenye unyoofu wake. Ukilizungusha ndani ya mfereji uliopinda, ncha yake inachimba ukuta wa nje wa kona na tumbo lake linakwangua ukuta wa ndani, mpaka unatengeneza ngazi ambayo hutaivuka tena, au tundu la kutokea nje ya mzizi, au faili linakatika na kubaki humo. Ndiyo maana tunalikunja faili kabla ya kuliingiza, tunaanza na jembamba kabisa, tunasuuza kila mara na hatulazimishi. Mwaka 1988 Walia na wenzake walipoonyesha mafaili yaliyotengenezwa kwa nikeli na titani, yanayonyumbuka kufuata mkondo, kazi hii ilibadilika kwa wenye nayo, ingawa nayo pia huchoka na kukatika ghafla kwenye kona kali. Kwa daktari wa kupanga meno, mzizi wenye kiwiko huenda taratibu na hukwaruzana na mfupa. Kwa anayetaka kuutumia kushikilia daraja la meno, mzigo hauteremki wima tena, unasukuma pembeni.

Na kwa sisi tunaong'oa, ambao ndio wengi katika ukumbi huu, jambo kuu ni kuacha kuzungusha. Mzizi uliopinda haukubali kuzungushwa. Unatoka kwa njia ya upinde wake mwenyewe, kwa hiyo kwanza ujue unaelekea wapi, uligawe jino kama lina mizizi zaidi ya mmoja, upanue nafasi upande ule unaohitajika tu, na kila mzizi uutoe kwa mwelekeo wake. Kipande kikikatika, mwambie mgonjwa palepale, umwonyeshe, uandike kwenye kadi. Kipo kipande cha kutafutwa na kipo cha kuachwa kikiwa kidogo, hakina usaha na kiko karibu na mshipa, lakini hakipo cha kufichwa.

Narudi kwenye swali la yule mama. Nilimjibu siku ile kwamba mashine ilikuwa mbovu, na lilikuwa jibu la kweli. Leo naona halikutosha, kwa sababu hata mashine ingekuwa nzima sidhani kama ningempiga picha. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba mizizi ya namna hiyo ni michache. Sikuwa na hesabu yoyote ya watu wa hapa kwetu ya kuniambia vinginevyo, wala sikuwa nimejiuliza michache kwa kipimo gani, kwa meno au kwa watu, na kwa picha ipi.

Ndiyo maana nimekuja pia na daftari hili, lipo pale mezani karibu na chai. Nimelipiga mistari ya safu saba: namba ya jino, umri, mwanamke au mwanamume, mzizi gani, nyuzi ngapi kwa njia ya Schneider, mwelekeo, na aina ya picha iliyotumika. Hakuna safu ya jina la mgonjwa. Naomba kila kituo kichukue nakala moja na kuandika kila jino linalopigwa picha kwa siku husika, lililonyooka na lililopinda, kwa sababu tukiandika yaliyopinda peke yake hatutajua ni mangapi kati ya mangapi. Tusiandike ndiyo au hapana, tuandike nyuzi. Atakayekuja kutumia kipimo cha 20 ataitumia hesabu yetu, na wa 90 ataitumia hiyohiyo. Tutakutana tena baada ya miezi sita, kila mtu na daftari lake, na jioni ya siku hiyo tutazijumlisha pamoja.

Mstari wa kwanza nimeshaujaza, ni wa jino lililo ndani ya kichupa: 38, miaka 27, mwanamume, mzizi wa nyuma, nyuzi 65, kuelekea nyuma, picha ndogo ya mdomoni. Mstari wa pili ni wa gego la kwanza la chini upande wa kulia, la mwanamke wa makamo. Namba ya jino na jinsia ninavikumbuka. Nyuzi, mwelekeo na aina ya picha nimeviacha wazi.